HP EliteDesk 800 G2 kuigeuza mashine ya gemu kwa bei ya Mombasa: nlichonunua, nlichokikataa na inavyocheza

Nianze na jibu kwa wenye haraka. Ukiwa na kama elfu arubaini na wataka kucheza GTA V, FC 24, Valorant na CS2 kwa 1080p (picha ya Full HD) bila kugandaganda, nenda kachukue ex-UK ya ofisini, HP EliteDesk 800 G2, lakini ile ya tawa, kubwa ya kusimama, usichukue ile nyembamba, halafu uitie SSD (diski ya kasi isiyozunguka), uongeze kijiti cha pili cha RAM na uitie kadi ya grafiki ya GTX 1650, ile isiyotaka waya wake wa umeme. Mimi yangu nimeichezea kaskazi nzima mpaka kusi imeingia na nimeridhika nayo sana, kwa pesa hiyo sijaona kitu chengine hapa mjini kitakachokupa gemu nyingi hivi. Yalobaki huku chini ni kueleza kwa nini hii na si nyengine, na wapi utaliwa pesa zako ukienda kichwakichwa.

Hizi ex-UK kwa asiyezijua ni mashine zilizofanya kazi maofisini Ulaya, Uingereza hasa, kampuni ikibadilisha kompyuta inazitoa zote kwa mpigo, zatiwa kontena na nyingi zashukia papa hapa Kilindini. Ukipita Moi Avenue kuanzia kule kwenye Pembe mpaka ukaribie Digo Road utaziona, zengine madirishani chini, zengine orofani kwenye vyumba ambavyo ngazi yake yaanza baina ya duka la simu na duka la vitambaa, lazima uulize ndo uoneshwe. Hata plagi yake ni ile ile yetu ya pini tatu za mraba, hakuna kuhangaika na adapta. Unachonunua hapo ni bodi imara na prosesa nzuri kwa bei ndogo, kilichokosekana ni kadi ya grafiki peke yake kwa sababu mtu wa uhasibu hakuihitaji, na hiyo ndo tunayoitia wenyewe.

Sasa watu wakifika dukani swali la kwanza ni "hii i5 ama i7", wakiambiwa i7 washaridhika washatoa simu walipe. Jamani tizameni jenereshen kwanza. Ile namba inayofuata baada ya mstari ndo yakwambia: i5-3470 ni jenereshen ya tatu, i5-6500 ni ya sita, i5-8500 ni ya nane. Nlioneshwa i7-2600 kwenye duka moja kwa bei iliyozidi ya i5-6500 iliyokuwa rafu ya chini yake, na muuzaji akashikilia kuwa i7 ndo ya gemu. i7-2600 ni ya 2011, inatumia RAM za DDR3, na hizo DDR3 ukizinunua leo ni pesa umezika maana ukihamia mashine nyengine kesho huwezi kwenda nazo. i5-6500 ni ya 2015, kori nne (vichwa vinne vya kufanya kazi), yaanzia 3.2GHz yafika 3.6, yatumia DDR4. Kwa hiyo RAM utakayonunua leo yaweza kukufuata kwenye mashine ya baadaye, na kwa mtu anayejenga kidogokidogo kila mwisho wa mwezi hilo ni jambo kubwa, usilipuuze.

La pili ni umbo, na hapa ndo naona wengi wanakosea njia mapema halafu hakuna kurudi. EliteDesk 800 G2 ilitoka kwa maumbo matatu. Kuna kile kidogo kabisa cha kukaa nyuma ya monita, kinatumia chaja ya nje kama laptopu na hakina sloti ya kadi, hicho kwa gemu kisahau. Kuna ile nyembamba, SFF, pawa saplai yake ni wati 200 na inakubali kadi fupi za lo-profaili tu. Halafu kuna tawa, wati 280, inaingia kadi ya kimo kamili. Maduka yamejaa SFF kwa sababu ofisi zilinunua hizo kwa wingi, na muuzaji atakusukumia hiyo kwa sababu ndo iko mkononi, atakwambia ni kitu kimoja tu, tafauti ni ukubwa. Si kitu kimoja. Kadi za lo-profaili ni chache hapa mjini na mwenye nayo anajua ni chache, kwa hiyo kadi ile ile ya chipu ile ile utaipata ghali zaidi, na ndani ya boksi jembamba joto linakaa na kelele za feni ni nyingi. Tawa yataka uulizie, mara nyengine yatolewa stoo. Subiri itolewe.

Duka nlilonunua mimi, huduma yao naipa alama za juu kwa jambo moja, walinikubalia kukagua. Nimemkuta mzee wa makamo amekaa na kikombe cha kahawa tungu, nkamuomba aniwashie kwanza. Akanitizama.

"Kijana, wewe wataka kununua ama wataka kukagua?"

"Vyote viwili mzee wangu, nkishakagua ndo ntanunua."

Akacheka, akamuita kijana wake alete monita na kibodi, akaniwachia meza nzima. Na hivi ndo nlivyokagua, na wewe fanya hivi hivi. Iwashe ukibonyeza F10 uingie kwenye BIOS, ile programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows. Ikikuuliza paswedi iwache hapo hapo hata kama wakupa kwa nusu bei, ofisi nyengine zilifunga BIOS zao na kuifungua ni shughuli. Ikifunguka, soma jina la prosesa na kiasi cha RAM kutoka kwenye BIOS yenyewe, usisome kwenye stika, stika zinabandikwa. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, la mbele na la nyuma, moja moja. Halafu fungua ubavu. Hii HP haitaki bisibisi, kuna kitasa cha kuvuta na ubavu watoka mzima mzima, na ndani kila kipande cha kushika wamekitia rangi ya kijani, hata aliyekuwa hajawahi kufungua kompyuta hapotei. Tizama kama sloti zote nne za RAM ni safi, tizama kutu kwenye skrubu za nyuma, maana iliyokaa dirishani hapa Pwani miezi mingi hewa ya chumvi ishaanza kazi yake. Yangu ilikuwa safi ila ilikuwa na vumbi la zulia, lile la kijivu, limeshonana kwenye hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) mpaka hewa haipiti, na pesti ya prosesa imekauka kama chokaa. Hilo halikunitisha, ni la kutarajiwa, nlipulizia nkapangusa nkatia pesti mpya. Ila duka ambalo hawataki ufungue, toka. Na risiti hakikisha wameandika serial namba, waranti bila serial ni maneno matupu.

Bei basi, kama nlivyolipa mimi baada ya kushindana kidogo: mashine yenyewe na 8GB ya RAM kijiti kimoja na diski ya kuzunguka ya 500GB ilikuwa 15,500. SSD ya 512GB mpya 4,500. Kijiti cha pili cha 8GB cha mkono wa pili 2,300. GTX 1650 ya mkono wa pili 16,000. Pesti na kopo la hewa la kupulizia vumbi 500. Jumla 38,800. Monita nlikuwa nayo, kama huna jumlisha.

SSD nlianza nayo kabla ya kitu chochote na hata kama pesa zako zitaishia hapo mwezi huu, anzia hapo. Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 na kitu kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inapita 500, na tafauti yenyewe huisikii kwenye gemu peke yake, unaisikia tangu unawasha. GTA V kwa diski ya zamani unaweza kwenda kutia maji kwenye birika urudi bado inaload. Na gemu za sasa zengine hazitaki kabisa diski ya kuzunguka, Cyberpunk 2077 tangu sasisho lake kubwa la 2023 SSD iko kwenye mahitaji ya chini kabisa. Diski ya zamani usiitupe, iwache ndani, tia muvi na picha.

RAM, hapa kuna mtego mdogo. Ukiwa na kijiti kimoja cha 8GB usikitoe ukanunua kimoja cha 16GB, ongeza chengine cha 8GB ili viwe viwili, prosesa isome chaneli mbili kwa pamoja. Gemu zinatulia, ile kukwamakwama kidogo kidogo yapungua. Na ukiambiwa chukua ya 3200 kwa bei ya juu kwa sababu ina kasi, kataa, i5-6500 inasoma DDR4 mpaka 2133 na hiyo 3200 itashuka yenyewe mpaka 2133, utakuwa umelipia kasi ambayo bodi haitoi. Kijiti cha mkono wa pili cha 2133 au 2400 kimetosha.

Haya, kadi. Hapa ndo pesa nyingi zaenda na hapa ndo wezi wako.

Sloti ya kadi ya kwenye bodi inatoa mpaka wati 75, na hii tawa niliyopata mimi haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi zako ni zile zinazokula 75 au chini: GTX 750 Ti, GTX 1050 Ti, GTX 1650, RX 6400. 750 Ti ni ya 2014, ishachoka, chukua tu ukipewa bei ya bure. RX 6400 ni ya 2022 na ni kadi mpya kuliko zote hapo, ila ina njia nne tu za PCIe (njia za data baina ya kadi na bodi) na inategemea bodi iwe ya PCIe 4.0, hii HP yetu ni 3.0, kwa hiyo inapoteza nguvu zake, na pia haiwezi kurekodi gemu kwa chipu yake yenyewe, mwenye kutaka kurusha TikTok au YouTube atateseka. 1050 Ti ni ya 2016, bado yacheza, ndo kadi ya chini kabisa waliyoiandika EA kwa FC 24. 1650 ni ya 2019 na inaipita 1050 Ti waziwazi, kwa hiyo kama tafauti ni elfu nne tano jikaze ungoje mwezi mwengine.

Lakini ukienda kununua 1650 tizama vitu viwili. Kuna zengine zina tundu la pini sita juu, hizo zimesukumwa na kiwanda zinataka waya ambao mashine yako haina. Na kuna za GDDR5 na za GDDR6, ndo aina ya kumbukumbu ya kadi, ya GDDR6 ina nguvu zaidi kidogo lakini nyingi ya hizo ndo zenye tundu la pini sita. Yangu ni GDDR5 isiyo na tundu, feni moja, fupi, na sijutii.

Sasa ile ya wezi. Nlipokuwa natafuta, muuzaji mmoja alinitolea GTX 1050 Ti 4GB kwenye boksi linalong'aa, plastiki haijachanwa, kwa 6,500. Mpya. Nkaigeuza nkatizama matundu ya nyuma nkaona VGA, lile la buluu la skrubu mbili. Nkamrudishia. NVIDIA kuanzia hiyo familia ya GTX 10 waliondoa kabisa kutoa picha kwa njia ya analogi, GTX 1050 Ti ya kweli haina VGA, ina HDMI, DisplayPort na pengine DVI. Zile zenye VGA ni kadi za zamani sana, GTS 450 ya 2010 au GTX 550 Ti ya 2011, zimebadilishwa BIOS zikaandikwa jina jipya, Windows yenyewe inadanganyika inakuandikia 1050 Ti 4GB, ukianza gemu ndo mashine inazima au picha inavurugika, na draiva mpya hazikubali kwa sababu NVIDIA walishaziacha kadi hizo. Dawa yake ni programu ndogo ya bure inaitwa GPU-Z, beba kwenye flashi, ifungue dukani, kadi ya namna hiyo inaiandikia neno FAKE mbele ya jina. Dakika mbili tu. Muuzaji mkweli hakatai, wa kwangu aliyeniuzia 1650 ndo kwanza alisogeza kiti atizame pamoja na mimi, kisha tukaiendesha FurMark, programu ya kuichosha kadi, pale pale kama robo saa tukaangalia joto linapanda mpaka wapi na kama kuna vidoti vidoti kwenye skrini. Ilitulia kwenye 70 na kidogo. Nkalipa M-Pesa nkaondoka.

Kuna na kadi hizi RX 580 za 8GB. Zilimwagika sokoni baada ya Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, kuacha kuchimbwa kwa kadi Septemba 2022, wachimbaji wakauza. Ni kadi kali, kwa gemu inaipiga 1650, na bei yake ikitajwa unaona mbona hii isiwe yangu. Lakini inakula wati 185 na yataka waya wa pini nane. Mafundi wengine watakwambia hakuna shida, wanatoa waya wa SATA wa kulisha diski wanauunganisha kwa adapta ya pini nane. Hapo nawaomba sana msikubali. Kichwa cha SATA kimepimwa kubeba ampea nne na nusu kwa volti 12, ni wati 54, na kadi inavuta mara mbili ya hiyo kupitia pale, plastiki inayeyuka, na boksi liko chini ya meza ya mbao chumbani unapolala na wadogo zako. Kubadilisha pawa saplai nzima nayo si rahisi, HP G2 hazitumii ule waya wa kawaida wa pini 24, zina kichwa chao, kuna adapta za kuagiza lakini ukijumlisha pawa saplai nzuri na adapta na kadi, pesa zako zishafika za mashine nyengine kabisa. Kaa na wati 75.

Kitu kidogo kinachosumbua wengi siku ya kwanza: ukishatia kadi, waya wa monita uhamishe, uchomeke kwenye kadi yenyewe. Nyuma ya HP kuna VGA na DisplayPort mbili za bodi, mtu anawacha waya pale pale halafu analalamika gemu bado nzito. Na kama monita yako ni ya zamani ya VGA peke yake, 1650 haina VGA, utahitaji adapta yenye chipu ya kubadilisha, nunua ya HDMI kwenda VGA, usinunue waya mtupu.

Sasa inachezaje. GTA V ndo nlioitamani, na wengi tunayo kwenye akaunti tangu Epic walipoigawa bure Mei 2020. Kwa 1080p, setingi za juu kwa vitu vingi, MSAA (ya kulainisha kingo za picha) nimezima na nyasi nimeteremsha, inakaa fremu 60 na zaidi kwa sekunde mjini, ukitoka kwenda milimani kwenye nyasi nyingi inashuka kidogo lakini hushtuki. FC 24 nimeifungia fremu 60 kwa sababu monita yangu ni ya 60Hz, setingi za kati na juu, mechi yote imetulia, ile kugandaganda iko kwenye vipande vya kuonesha mashabiki na marudio tu. Ndugu yangu mdogo aliyezoea kulipia kwa mechi kwenye vibanda vya PlayStation kule Majengo sasa yuko hapa kila jioni na wenzake, pedi mbili, na viatu vyao mlangoni. Valorant inapita 100 bila jasho. CS2 ni nzito zaidi kwa prosesa, huzunguka 80 mpaka 100, zikirushwa moshi mbili tatu inashuka hamsini na kitu, unasikia.

Na hapo kwenye CS2 ndo udhaifu wa i5-6500 wenyewe. Kori nne bila nyuzi za ziada (kori moja kushika kazi mbili kwa mpigo) kwa gemu za leo ni chache. Ukitizama matumizi utaona prosesa iko asilimia 100 na kadi iko 60 au 70, yaani kadi inangoja. Gemu zenye miji mikubwa na watu wengi barabarani zitakukwamakwama hata ukishusha picha, kwa sababu kushusha picha kunaipumzisha kadi, prosesa hakuipumzishi. Mwenye kutaka Cyberpunk na wenzake hii si mashine yake, atapata fremu thelathini na kitu kwa setingi za chini na hatafurahi.

Umeme na joto. Prosesa ni wati 65, kadi 75, ukiongeza diski na feni mashine yote ikichemka haifiki 200, kwa hiyo masaa matano ya gemu ni chini ya yuniti moja ya tokeni, mama hajalalamika. Stima ya kukatika na kurudi kwa kishindo ndo hatari, mimi nimechomeka kwenye UPS ndogo (betri ya akiba), haikai muda mrefu lakini yanitosha kusevu na kuzima. Mwezi wa pili na wa tatu, ile kaskazi inayobana ambapo hata usiku shati lagandana na mgongo, prosesa ilikuwa inafika 75 kwenye gemu na kadi inapita kidogo hapo, ni sawa, haijazima. Ila nimeitoa sakafuni nimeiweka juu ya kibao, na nimeisogeza mbali na dirisha la upande wa bahari, na kila baada ya muda naifungua naipuliza. Anayekaa Nyali ama Mji wa Kale karibu na maji afanye hivyo mara nyingi zaidi, chumvi na vumbi zikikutana kwenye feni zinafanya utando ambao hautoki kwa kupuliza, wataka brashi.

Windows nayo lazima niseme, maana dukani hawakwambii. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, kuna mpango wao wa kuongezewa masasisho ya usalama mwaka mmoja, na Windows 11 rasmi haiitaki prosesa ya jenereshen ya sita. Inatiwa kwa njia za mkato na inafanya kazi, maduka mengi ndivyo wanavyoziuza, lakini ujue kuwa Microsoft hawaahidi chochote hapo. Linux imekuwa nzuri sana kwa gemu za Steam, GTA V ya kisa na CS2 zacheza vizuri, ila Valorant na FC 24 hazitakubali kwa sababu ya ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu. Kwa hiyo chagua kwa gemu zako.

Na hilo ndo lanifanya niseme hivi kwa ambaye bado hajanunua: uliza kwanza bei ya EliteDesk 800 G4. Hiyo ina i5-8500, kori sita, ya 2018, Windows 11 yaikubali rasmi, DDR4 ile ile, na kadi ile ile ya wati 75 yaingia. Nlipokuwa nanunua mimi tafauti ilikuwa kama elfu nane na ya tawa haikuwepo mjini, SFF tu. Ukiikuta ya tawa na tafauti imeshuka mpaka elfu tano, chukua hiyo uwache G2. Ikiwa hujaipata, G2 kwa 15,500 bado ni bei nzuri, ila isipite elfu kumi na saba.

Mimi mwenyewe hatua iliyobaki ni i7-6700, inaingia soketi ile ile, wati 65 ile ile, kori nne lakini nyuzi nane, na hizo nyuzi ndo zitakazopunguza kule kukwama kwa CS2. Mkono wa pili nimetajiwa 9,000. Kwa bei hiyo sichukui, kwa sababu ukiijumlisha na ya mashine umeshafika kwenye pesa za G4. Ikishuka 6,000 naichukua siku hiyo hiyo.